Mama Turubai na kura iliyomkaa rohoni

Saa moja asubuhi, Jumatano. Ua umejaa viti vya plastiki vilivyorundikwa kumi kumi, na katikati yake amesimama mwanamke wa miaka arobaini na minane, mikono ya blauzi ameikunja, bisibisi ameichomeka kwenye kilemba. Mbele yake kuna kipaza sauti.

"Moja, mbili, tatu," anasema. Sauti inatoka kwenye spika mbili kubwa na kumkurupusha paka aliyekuwa amelala ukutani. "Moja, mbili, tatu."

Anazima. "Hii iko sawa," anamwambia mumewe, na mume anaandika neno "sawa" kwa chaki ubavuni mwa spika.

Kwa miaka kumi na saba hayo ndiyo maneno pekee ambayo mama huyu amewahi kuyasema kwenye kipaza sauti mbele za watu. Hajawahi kufika nne. "Nne ni ya mwenye shughuli," anasema huku akicheka. "Kazi yangu mimi ni kuhakikisha mwenzangu anasikika."

Mtaani wanamwita Mama Turubai. Anakodisha viti, maturubai na vipaza sauti kwa harusi, misiba, mahafali na mikutano ya kampeni. Alianza na viti ishirini na turubai moja lenye tundu katikati. Siku ya shughuli yake ya kwanza mvua ilinyesha, na ilipita kwenye tundu hilo ikamshukia mshenga peke yake. Leo ana viti mia na themanini, maturubai matatu na spika nne. Jumamosi nzuri vyote huondoka. Msimu wa mvua anaweza kukaa wiki tatu simu haijalia, na hapo ndipo unapomkuta anashona maturubai na kuishi kwa kubana matumizi.

Lakini mwandishi wa makala haya hakufuata viti. Amefuata darasa. Kila Jumatano, siku ambayo watu hawaoani, ua huu hugeuka kuwa chuo cha wanawake wanaotaka kugombea uongozi. Katika miaka tisa wamepita wanawake thelathini na wanne. Kumi na mmoja kati yao walishinda: madiwani wawili, wenyeviti wa mitaa watatu, na sita wako kwenye kamati za shule, soko na maji. Ada ni kuosha viti ishirini.

"Mtu ukimpa cha bure anachelewa," anaeleza mwalimu mwenyewe. "Lakini akijua kuna viti vya kuosha, anawahi, asije akaachiwa vile vilivyomwagikiwa mchuzi."

Anasema wazo la darasa lilimjia akiwa amekaa nyuma ya mitambo kwenye mikutano ya watu wengine. "Nilikuwa napeleka viti, wanawake wanavikalia. Napeleka kipaza sauti, wanaume wanakishika. Kila mkutano hivyo hivyo. Nikajiuliza, jamani, mzigo mmoja, gari moja, mbona unagawanywa vile?"

Pembeni ya ua kuna sanduku la mbao la kuwekea nyaya. Anapolifungua kutafuta waya mrefu, mwandishi anaona karatasi juu ya nyaya: fomu ya kugombea uenyekiti wa mtaa huu huu. Imejazwa kwa penseli. Mistari kumi ya wadhamini ni mitupu. Chini imeandikwa kwamba mwisho wa kuirudisha ni leo, saa kumi jioni.

"Hiyo ni ya kufundishia," anasema haraka na kufunga sanduku.

Mbona ina majina yako?

"Si lazima iwe na majina ya mtu? Usiandike hilo."

Mwandishi akaandika. Ruhusa ilikuja baadaye, fomu ilipogongwa muhuri.

Ukweli ni kwamba Mama Turubai aliwahi kugombea. Ni miaka kumi sasa. Alishindana na aliyekuwa mwalimu wake wa darasa la kwanza, mzee anayeheshimiwa na kila mtu, na akashindwa kwa kura moja: mia mbili na kumi na mbili kwa mia mbili na kumi na moja. Mtaa mzima unakumbuka. Mpaka leo watoto wakifungana goli moja uwanjani wanaambiana, "Mmefungwa Mama Turubai." Tangu siku hiyo amewasukuma wengine thelathini na wanne wakasimama. Yeye hajasimama tena.

Mumewe, fundi umeme ambaye kila mtu humwita Fundi Waya, ana maelezo yake kuhusu kura ile. Anasogea karibu, anashusha sauti, anaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara, kwenye banda la muuza mkaa.

"Yule pale," ananong'ona. "Alituahidi kura, mkono kifuani. Siku ya pili yake akaniangalia pembeni. Mimi si mtoto. Miaka kumi hii sijanunua mkaa kwake hata kopo moja."

Mkaa mnapata wapi?

"Mtaa wa tatu. Nabeba mwenyewe, begani."

Anasema hivyo kwa fahari ya mtu anayelinda heshima ya nyumba, na kwa kweli bega lake la kulia limeinama kidogo.

*

Saa tatu wanafunzi wameingia. Leo wako saba. Wamejifunga vitambaa, wameshika brashi, mabeseni yanatoa povu. Huku wengine wakiosha, mmoja wao yuko mbele ya kipaza sauti: mwanamke wa miaka thelathini na moja anayeuza vifaranga sokoni, anayegombea udiwani. Hili ndilo somo linaloogopwa kuliko yote. Linaitwa somo la kuzomewa. Wewe unahutubia, wenzako wanakuzomea, na huruhusiwi kunyamaza, kulia wala kutukana.

"Ndugu zangu," anaanza muuza vifaranga, "nimesimama hapa kwa sababu soko letu halina choo..."

"Choo nyumbani kwako umeosha?" anadakia mmoja kutoka kwenye mabeseni.

"...kwa sababu soko letu halina choo, na wauzaji mia tatu..."

"Watoto umemwachia nani?"

"Nimewaacha na baba yao. Si wake?"

Ua mzima unaangua kicheko. Mama Turubai, aliyesimama na saa mkononi, hacheki. "Jibu zuri, lakini umelirusha. Ukilirusha, wanajua limekuuma. Liweke tu mezani, kama unavyompa mteja chenji. Rudia."

Anarudia. Safari ya tatu analiweka mezani kwa utulivu mpaka mzomeaji mwenyewe anapiga makofi na povu lake.

Masomo ya hapa hayatoki kwenye kitabu. Yametoka kwenye makosa. Kuna la Mama Pacha, mwanafunzi wa mwaka wa pili, ambaye alizunguka nyumba kwa nyumba mwezi mzima, miguu ikavimba, akiwaomba watu wampigie kura Mama Pacha. Siku ya uchaguzi watu wakaja kwa wingi. Wakatazama karatasi ya kura, juu mpaka chini. Hakuna Mama Pacha. Kulikuwa na mwanamke fulani mwenye majina matatu ya kwenye kitambulisho, ambayo hata pacha wenyewe hawakuwa na hakika nayo.

"Watu walirudi nyumbani wakiulizana kwa nini Mama Pacha amejitoa," anasimulia Mama Turubai, na hapo sasa anacheka mpaka machozi. "Kwa hiyo hapa kwangu, wiki ya kwanza yote, mtu anasema majina yake matatu kwenye kipaza sauti. Bila kuangalia chini. Unashangaa, kuna mtu ana miaka hamsini na hajawahi kuyasema yote kwa sauti." Mama Pacha alirudi kwenye uchaguzi mdogo uliofuata na majina yake yote. Sasa ni diwani.

Jambo linalomkera ni methali. Wanafunzi wapya huja nayo kama kinga: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

"Hiyo methali sina ugomvi nayo ikiwa sokoni," anasema. "Lakini kwenye kura, kizuri kikikaa ndani kikingoja kujiuza, kitaozea hapo hapo. Mimi nasema jitembeze. Ukirudi jioni na vumbi, utaoga."

Muuza vifaranga ameshuka, amerudi kwenye beseni lake. Ndipo linapokuja somo la mwisho, ambalo wanafunzi wa kila mwaka hupewa kabla ya kuhitimu. Mama Turubai hulitoa kama kisa cha mwanamke mmoja anayemfahamu.

Mwanamke huyo, anasema, aligombea. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akasema, akapendwa. Siku ya kura akaingia kwenye kibanda, akafunua karatasi, akaona majina mawili: lake na la mtu aliyemzidi umri, mtu aliyemheshimu tangu utotoni. Akashika kalamu. Mkono ukakataa.

"Si mnajua tulivyolelewa? Chakula kikiiva, unampakulia baba, unampakulia mgeni, unawapakulia watoto, wewe unakula ukoko. Sasa leo ujipakulie minofu, tena wewe wa kwanza? Akaona aibu, peke yake mle ndani, hakuna hata anayemwona. Akaweka alama kwa mpinzani wake. Akatoka anatabasamu kama mtu aliyefanya adabu. Jioni kura zikahesabiwa. Akashindwa."

"Kwa ngapi?" anauliza muuza vifaranga.

Swali hilo huulizwa kila mwaka, na kwa miaka tisa jibu lilikuwa "chache tu." Leo, huenda kwa sababu ya ile karatasi iliyoko kwenye sanduku la nyaya, mwalimu anateleza.

"Moja," anasema.

Brashi zinasimama. Mtu mmoja anafunga bomba.

"Mwalimu," anasema muuza vifaranga polepole, "mimi hata si wa mtaa huu. Lakini aliyeshindwa kwa kura moja ninayemjua ni mmoja tu."

Mama Turubai anatafuta pa kuweka mikono. Anashika kilicho karibu, nacho ni kipaza sauti, na kwa mazoea ya miaka kumi na saba mdomo unaanza wenyewe.

"Moja, mbili, tatu," anasema. "Nne. Alikuwa mimi."

Kipaza sauti hakikuwa kimezimwa. Spika mbili zikalipeleka neno lile nje ya ua, juu ya ukuta, mpaka mwisho wa barabara.

Wa kwanza kupata sauti ni Fundi Waya. Waya aliokuwa akiukunja umemponyoka. "Wewe?" anasema. "Wewe mwenyewe? Mke wangu, miaka kumi! Miaka kumi nabeba mkaa begani!"

Langoni kimetokea kichwa cheusi kwa vumbi. Ni muuza mkaa. Amevuka barabara mbio baada ya kusikia.

"Kumbe ndiyo sababu, jirani," anasema, na uso wake unaonyesha mtu aliyetuliwa mzigo. "Mimi nilidhani mmehamia kwenye gesi."

Wanaume wawili wanatazamana. Kisha Fundi Waya anafanya jambo la busara kuliko yote aliyofanya kwa muda mrefu: anavuta kiti kilichooshwa, anakifuta kwa shati lake, anamkaribisha. Bado mwandishi hajui kama aliomba radhi kwa maneno. Alichosikia ni kuagizwa kwa magunia mawili.

*

Wanawake wamemzunguka mwalimu wao. Hakuna anayemcheka, ingawa wawili wanajitahidi sana kujizuia.

"Ndiyo maana hukurudi tena?" anaulizwa.

"Siogopi watu," anasema. Macho yamemlowa. "Watu nimewapangia viti miaka kumi na saba, nawajua hata wanavyokaa. Naogopa mkono wangu. Niwazungushe watu kwenye jua mwezi mzima, wanitafutie kura, halafu niingie mle ndani mkono unisaliti tena? Heri nipange viti."

Muuza vifaranga anaitupa brashi kwenye beseni. Huyu ndiye aliyezomewa asubuhi nzima bila kutikisika, na sasa anamsogelea mwalimu wake.

"Mwalimu, mimi mkono wangu unatetemeka kuliko wako. Nimekuja hapa kila Jumatano nikidhani kuna mtu alishauvuka huu mto. Kumbe umetuvusha wote, wewe umebaki ukingoni unatushikia viatu."

Alikwenda kwenye sanduku la nyaya, akalifungua, akaitoa ile fomu, akaipangusa vumbi, akauliza saa ngapi. Ilikuwa saa saba na robo.

Sheria inataka wadhamini kumi, wote wapiga kura wa mtaa huo huo. Kati ya wanafunzi saba, watano ni wa hapa. Walitia sahihi mikono ikiwa bado na povu, na mstari wa tatu una doa mpaka leo. Fundi Waya akawa wa sita, akiandika kwa herufi kubwa kama anayelipa fidia. Muuza mkaa akawa wa saba, akamwita mkewe, akawa wa nane, na hivyo fomu ikapata alama mbili nyeusi za vidole.

Wa tisa alitoka ndani. Ni mama mkwe, miaka sabini na sita, ambaye wote walidhani amelala.

"Nipeni kalamu," alisema. "Miaka kumi nakaa nyumba hii nasubiri kuulizwa. Mlidhani mimi ni kabati?"

Akabaki mmoja. Saa nane na nusu. Majirani wengine wako kazini, milango imefungwa kwa kufuli. Walijaribu nyumba nne. Kwenye nyumba ya tano walimkuta mtu, lakini hakujiandikisha. Ni mama mkwe aliyesema jambo ambalo kila mtu alikuwa amelifikiria na kulikwepa.

"Si uende kwa mwalimu? Yeye amesema hagombei tena."

Mwalimu huyo ndiye yule yule wa kura mia mbili na kumi na mbili. Ameshika uenyekiti vipindi viwili na sasa anapumzika. Mama Turubai alitazama fomu, akatazama viatu vyake. Mwandishi amewahi kuona watu wakipelekwa polisi kwa hatua nyepesi kuliko zile.

*

Mzee yuko barazani. Anasoma gazeti akiwa na kalamu nyekundu mkononi, anasahihisha. Mwandishi wa makala haya aliona busara kutotaja gazeti analoliandikia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Spika zako leo zimenikatisha usingizi."

Mama Turubai anabaki amesimama. "Kwa hiyo umesikia."

"Mtaa mzima umesikia. Kwa nini hukuniambia siku zile?"

"Ningekuambia nini, mwalimu? Wewe ndiye uliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza. Niliona jina lako pale, nikaona haya."

Mzee anavua miwani.

"Sasa sikiliza na langu," anasema. "Siku ile mimi nilitangulia kupiga kura. Nikasema, mtu mzima na mvi zangu, nijipigie kura mwenyewe, tena dhidi ya mtoto niliyemfundisha kusoma? Watu wakijua wataniona nina uroho. Nikakupigia wewe."

Paka wa mzee akajinyoosha. Mama Turubai alikaa bila kukaribishwa mara ya pili.

"Ulinipigia mimi?"

"Nilikupigia wewe."

"Na mimi nikakupigia wewe."

"Ndivyo." Mzee akavuta gazeti, na kwenye ukingo mweupe akaanza kuandika kwa wino mwekundu, akitamka kama yuko mbele ya ubao. "Mimi mia mbili na kumi na mbili. Toa yako moja. Jumlisha yangu moja. Mia mbili na kumi na mbili. Wewe mia mbili na kumi na moja. Toa yangu. Jumlisha yako. Mia mbili na kumi na moja." Akapiga mstari chini. "Jibu ni lile lile."

Ilichukua muda hesabu ile kumwingia. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akashika nguzo ya baraza, na kicheko kilichotoka hapo kilimfanya muuza vifaranga, aliyekuwa akisubiri nje ya ua, aingie akidhani mtu analia.

"Kumbe nilishindwa kihalali!" alisema alipopata pumzi. "Miaka kumi nalala na dhambi, kumbe nilishindwa kihalali!"

"Kihalali kabisa, mwanangu. Hongera."

Wote watatu walicheka tena. Mzee ndiye aliyeacha wa kwanza.

"Lakini kuna tofauti," alisema. "Adabu ilitudanganya wote wawili siku ile. Mimi miaka mitano baadaye nilirudi, nikasimama tena, na safari hiyo nilijipigia. Wewe ulikwenda kupanga viti. Lete hiyo karatasi."

Akachovya kalamu hewani kama afanyavyo mwalimu kabla ya kutoa alama, na ilibaki kidogo atie sahihi kwa wino mwekundu, ambao fomu inaukataza kwa maandishi meusi mazito. Muuza vifaranga alimpokonya kalamu mkononi kwa heshima zote, akampa ya bluu. Saa tisa na dakika kumi na tano, mstari wa kumi ukajaa.

Ofisi ya uchaguzi ni chumba kimoja chenye meza mbili na feni isiyofanya kazi. Afisa, binti wa miaka ishirini na kitu, tayari alikuwa anapanga mafaili. Aliipokea fomu, akalitazama doa la povu, akatazama vidole vya mkaa, akaamua kutouliza.

"Majina?" alisema.

Mama Turubai alisema majina yake matatu. Kwa sauti, bila kuangalia chini. Nyuma yake muuza vifaranga alihesabu kwa vidole, moja, mbili, tatu, kama mwalimu wake anavyofanya.

"Sasa hapa pana tatizo, mama," alisema afisa. "Wadhamini wameandika kwa wino. Wewe umeandika kwa penseli. Penseli haikubaliki. Pitishia kalamu."

Zilibaki dakika kumi na mbili. Akainama mezani, akashika kalamu, na kwa nukta chache mkono ulibaki juu ya karatasi bila kushuka. Chumba kizima kilikuwa kinautazama. Kisha ukashuka. Akapita juu ya kila herufi ya jina lake, taratibu, mpaka ya mwisho, na afisa akagonga muhuri.

*

Uchaguzi ni wiki tatu zijazo. Mpinzani wake ni mfanyabiashara wa saruji mwenye magari mawili na mabango tayari ukutani. Mama Turubai ana kipaza sauti, wanafunzi saba na mama mkwe, ambaye ameshaanza kampeni kwenye foleni ya zahanati.

Jambo la kuchekesha ni kwamba muuza saruji alishakodi viti mia na spika mbili kwa ajili ya mkutano wake wa Jumamosi, wiki mbili kabla hajajua atashindana na nani. Mama Turubai atavipeleka. "Kazi ni kazi," anasema. "Nitampangia vizuri, na kipaza sauti nitampimia mwenyewe. Moja, mbili, tatu. Nne yangu nitaisema Jumapili, kwenye mkutano wangu."

Akishinda anataka kuanza na mtaro ulioziba nyuma ya zahanati, kisha taa ya njia ya wanafunzi, kisha daftari la wazi ambapo kila mkazi anaweza kusoma kilichoamuliwa kikaoni. Darasa la Jumatano halitafungwa. Muuza vifaranga ataliendesha mwalimu wake akiwa kikaoni, na ada itabaki ile ile.

Na kama akishindwa?

Yuko kwenye ua, jua linashuka, anarundika viti vilivyokauka. Ng'ambo ya barabara Fundi Waya na muuza mkaa wanavusha gunia, kila mmoja upande wake. Mama Turubai anaweka kiti cha kumi juu ya vingine tisa, anakigonga kidogo kikae sawa.

"Naweza kushindwa vibaya," anasema. "Naweza kupata kura moja peke yake. Lakini safari hii, hiyo moja, nitajua ni ya nani."